Maua Dume ya Cynthia

Mwanda, Jumanne

Kaka yangu mpendwa Morris,

Pokea salamu zetu sote. Je, mgongo umepata nafuu, au kazi ya bandarini bado inakutesa? Sisi huku tu wazima. Mama angali anapanda kilima cha kanisani bila fimbo, na mkeo Cynthia naye hajambo kiafya.

Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unajua nimelima maboga kwa Mama miaka kumi na tano. Siku hizi nyuki wamepungua, na yangu yalikuwa yakidondoka yangali madogo kama ndimu. Cynthia alipokuja kutoka Voi, Mama alimpa kipande cha juu. Kila asubuhi maua yakifunguka, anachuma ua dume, lile la kikonyo chembamba, analibandua petali, kisha anapaka chavua yake, ule unga wa manjano, kwenye kichwa kinachonata katikati ya ua jike. Alinieleza kwa upole, "Wifi, ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Lisipopata chavua, hicho kiboga kinaoza." Nikamjibu kwamba sikuzaliwa jana.

Maboga yake yakajaa shamba. Mama akawaleta kina mama wa kanisa wayaone, wakapita kwangu bila kugeuza shingo. Nikamsikia akiwaambia kwamba sasa shamba limepata mkulima.

Msimu huu Cynthia akawa anakuta maua dume yote yamekatwa. Viboga vyake vikageuka manjano, vikaanguka kimoja kimoja. Ukaambiwa kwamba jirani yetu Mwandawiro alionekana uani asubuhi, ukampigia simu ukamtukana. Sasa chifu amemwita Alhamisi.

Kaka, Mwandawiro hajakanyaga kwetu. Aliyesema amemwona ni mimi, na aliyekuwa akikata maua ni mimi. Nilikuwa naingia kabla Cynthia hajaamka, nayakata na kuyaficha kwenye leso, halafu nakwenda kuyamwaga mtoni. Majike nilimwachia, ili aone viboga vinavyokufa.

Juzi nilimkuta amechuchumaa shambani, ameshika kimoja kilichooza, analia bila sauti. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Ilipofika, sikuifurahia; nilikaa chini karibu naye nikamwambia yote. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Na wewe ndiye uliyekuwa ukinisaidia kutafuta mwizi?" Kisha akasema Mama nimwambie mwenyewe, na wewe nikuandikie mwenyewe, yeye hatanibebea.

Mama nimemwambia. Hajanisemesha tangu jana. Alhamisi nitasimama mbele ya chifu. Barua hii naituma leo kwa dereva wa matatu ili ikuwahi; nakuomba umpigie Mwandawiro kabla ya hapo, umtake radhi kwa matusi niliyokutia mdomoni.

Sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Leo asubuhi Mama amemwita Cynthia kunywa chai, mimi hakuniita, na nimeumia vilevile.

Wasalimie wenzako wa kazini. Ukipata nafasi ya kuja, njoo, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi dada yako,
Wakesho