Rekodi za Vipimo Zisifutwe

Wanangu,

Msiizime kompyuta. Inanakili kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda ile kubwa mpya. Ya zamani imeanza kukwaruza kama mwenye kikohozi, kwa hiyo mtu asitikise meza. Wakubwa wa umeme hawana haya, wanakata wanapojisikia. Ukikatika, anzeni upya.

~~Zile rekodi za vipimo vya wateja wa mama yenu zifuteni, zinajaza nafasi bure.~~

Hapana. Msifute hata moja. Asubuhi nilitaka kuzifuta mwenyewe, nikafungua moja kuhakikisha. Mnajua marehemu akishashika futi hashiki kalamu, alikuwa anapima huku anaisemea kompyuta. Nikamsikia: "Kiuno thelathini na nne. Dada, usivute tumbo, gauni halidanganyiki!" Mteja akaangua kicheko. Halafu akanigeukia mimi: "Na wewe baba watoto, punguza hiyo redio, utanikosesha kipimo cha mkono wa mtu." Nikanyoosha mkono kupunguza redio. Redio yenyewe ilikuwa imezimwa. Chai imepoa pale, imwageni.

Sasa nimechelewa, na msimamizi, yule aliyeniuliza makaburini narudi lini zamu, atafoka. Afoke mpaka akauke koo. Diski ikimaliza kunakili, fungueni ile rekodi ya gauni kwenye diski mpya. Ikisema vizuri, nipigieni kule getini ninakolinda mniwekee niisikie. Simu zamuni wamezikataza. Nitapokea.

Baba yenu