Tairi Niliyoichonga kwa Mkono Wangu

Kisii mjini,
Jumatatu, kabla mvua haijaanza.

Dada yangu Mwanaisha,

Nakuamkia. Na Mama mwamkie kwa niaba yangu, umwambie mwanawe anakula, analala, na kile kikohozi kimekwisha. Hayo ndiyo ya kumsomea. Ukifika hapa kunja karatasi, mwambie yaliyobaki ni habari za spana na jeki tu, maana sitaki ayasikie. Magoti yake vipi? Mafuta ya mnyonyo anayapaka, au amekwisha kuyakataa kama kawaida yake? Na wewe, ule mguu uliojikwaa kisimani umepona? Niandikie yote, hata madogo.

Barua yako niliipata. Umeniuliza mbona kimya, ukasema labda nimepata mke wa bara nikawasahau. Mke! Dada, mimi nanuka mpira uliochomwa. Nikioga nanuka, nikila ndizi zao za kupika, hata ndizi zina ladha ya mpira mdomoni mwangu. Mwanamke gani atanisogelea? Sikuandika kwa sababu nilikuwa najichukia, na mtu anayejichukia kalamu haimtii.

Wajua nilikuja huku kuwa fundi wa tairi. Kuziba pancha, kujaza upepo, kutoka na jeki kwenda kumwokoa mtu aliyekwama njiani. Kazi ya halali, na huku haikosi, kwa sababu barabara zao ni udongo mwekundu na mawe, mlima juu ya mlima, na mvua yao haina haya hata kidogo. Kila siku alasiri iko, kama imeajiriwa. Tope linaingia viatuni, masikioni, mpaka kwenye chai. Nilikuwa nikilalamikia tope, nikidhani hilo ndilo baya la huku.

Baya ni tajiri wangu. Duka alilinunua kwa Mhindi mmoja aliyefungasha baada ya Uhuru. Ni mnene wa shingo, mpole wa sauti, na kwa kuwa ni Msabato, Jumamosi yuko kanisani tangu asubuhi. Siku hiyo hakuuzii hata upepo, hata uwe umekwama na mgonjwa. Siku nyingine zote anawauzia watu mauti, anacheka nao, anawauliza habari za watoto.

Nikueleze anavyofanya. Kule kwenye mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, tairi zikiisha hutupwa. Yeye anazizoa, anazileta zimejaa lori, vipara vitupu, zimelainika kama sabuni ya juzi. Mimi napasha kisu kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kisha nachonga meno mapya juu ya kile kipara. Moshi wake, lo, unakaba roho. Nikimaliza nasugua rangi nyeusi ya viatu, nafuta kwa kitambaa, na tairi inang'aa utadhani imeshuka melini jana. Mwenye gari anakuja, anaona meno, anapiga ngumi mbili tatu, anaridhika. Hajui kwamba chini ya meno hayo mpira umekwisha, zimebaki nyuzi tu. Angetia kidole katikati ya mchongo angezigusa. Lakini nani atie kidole? Mtu anaamini macho yake.

Siku ya kwanza nilikataa. Nilimwambia, "Tajiri, tairi hii imekufa."

Akanicheka. "Wewe mtu ya Pwani, unajua tairi ama unajua nazi? Hapa ni matope. Matope inataka meno. Mimi napatia watu meno."

Nikachonga. Hakunishikia fimbo, dada, nilichonga mwenyewe. Na kwa kuwa mimi ni wa mkono wa kushoto, mchongo wangu ukifika pembeni unapinda kidogo. Kwa hiyo tairi zangu nazijua, hata nikizikuta mwisho wa dunia.

Sasa sikiliza. Kuna mzee mmoja wa Manga, huko juu mlimani, anaitwa Mzee Ondieki. Mkulima wa pareto na ndizi, ana pikapu kuukuu anayoiosha kila jioni. Mtu wa salamu sana, akinipita hunipigia kelele kwa lugha yao, "Bwakire buya, Mswahili!" na mimi humwitikia hivyo hivyo, wanacheka wote dukani. Huyo nilimfungia tairi mbili za mbele. Alinishukuru, akanishushia mkungu wa ndizi. Nikaupokea, Mwanaisha. Nikazila.

Mwanawe wa kwanza yuko kazini Nairobi, na mke wa huyo mwana, Kemunto, yuko bomani kwa mzee na mtoto wao mdogo. Na hapa lazima ujue desturi moja ya watu hawa, wanaiita chinsoni. Ni haya na heshima pamoja, baina ya baba na mke wa mwanawe. Hawashikani mikono, hawakai karibu, wakikutana njiani mmoja anapisha. Sisi nasi mkwe tunamstahi, lakini si kama hawa. Wao wanaishika kwa meno.

Basi mtoto alipatwa na homa kali. Mzee akawasha gari awapeleke hospitali ya Kisii. Kemunto akapanda nyuma, juu ya magunia, mtoto kifuani, kama heshima inavyotaka. Njiani mvua ikawahi kuliko siku zote. Mzee akasimamisha gari, akamwita aje mbele. Kemunto akakataa. Akamwita tena, akasema, "Mtoto atakufa na baridi. Ingia." Akaingia, akajibana mlangoni, uso dirishani. Haya alinisimulia mzee mwenyewe baadaye. Hawakufika mbali, tairi ya mbele ikapasuka, gari likaacha njia na kulala ubavu mtaroni. Ndani, Kemunto na mtoto wakamwangukia mzee kifuani, na hawakuweza kuinuka mpaka watu walipokuja kuwatoa. Na ilikuwa siku ya soko. Kila mtu wa Manga aliyekuwa njiani aliwaona vile.

Mtu wa baiskeli akaleta habari dukani, nikapanda lori la tajiri na jeki yangu. Nikamkuta mzee kalazwa majanini, mkono umevunjika. Wanawake wa sokoni wamesimama, kila mmoja kiganja mdomoni. Kemunto amekaa peke yake mbali na wote, amemfunika mtoto kwa leso yake. Hakuna aliyemsemesha. Nikamwendea mimi, mgeni nisiyekatazwa, nikamuuliza mtoto ameumia? Akatikisa kichwa. Kisha nikaenda kuliangalia gurudumu.

Tairi ilikuwa imechanika kufuata mchongo, sawasawa, mpaka pembeni pale panapopinda. Nilijua hapo hapo. Nikaifungua haraka, nikaifunga guniani mtu asiione, kama mwizi wa kuku. Wote watatu niliwapeleka hospitali kwa lori. Mtoto, alhamdulillahi, homa ilimtoka baada ya siku mbili.

Tajiri alipoiona tairi hakupepesa hata ukope. "Tia kwa moto," akasema, akaendelea kunywa chai yake. Nikaitika ndiyo, lakini sikuichoma. Niliificha chini ya kitanda changu. Usiniulize kwa nini. Nikawa nalala juu yake, inanuka, na mimi nanuka.

Siku ya nne akaja dukani nduguye mzee, mwembamba mmoja mkali wa macho, kuulizia gurudumu. Tajiri akampa pole ya uongo, akamuuliza ajali ilikuwaje. Yule akasema, "Si ajali. Ni aibu. Mke wa kijana alikaa mbele na baba mkwe, karibu hivi. Gari ikakataa."

Nikangoja tajiri aseme neno, mtu mzima, mtu wa kanisa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Hiyo ni kweli kabisa, ndugu yangu. Aibu ni kitu nzito. Hata tairi mpya haiwezi kubeba."

Dada, nilitoka nyuma ya duka. Mtu anajua, nami najua, na bado anaichukua heshima ya watu wake mwenyewe anaifanya kitambaa cha kufutia mikono yake. Kisha nikanawa uso, nikarudi ndani nikashika kisu. Kulikuwa na tairi mbili za kuchonga. Nikazichonga.

Nataka ulijue hilo pia. Nilikaa kimya. Nilijiambia mambo ya ukoo wa watu mgeni hayaingilii. Nilijiambia wakijua watanipiga. Nilijiambia Mama anahitaji dawa. Sababu hazikosi, dada, za kukaa kimya ziko tele.

Siku ya nane yule nduguye mzee akarudi, safari hii amechangamka. Kesho, akasema, wanamrudisha Kemunto kwao Ogembo. "Na mtoto?" nikauliza mimi, ingawa sikuulizwa kitu. Akanishangaa. "Mtoto ni wa boma. Atabaki na nyanya yake."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Niliingia chumbani, nikatoa tairi chini ya kitanda, nikaitia begani, nikashika njia ya Manga kwa miguu. Tajiri aliniita mara mbili, kisha akanitukana, kisha akanyamaza. Nilifika mvua imeninyeshea, mwekundu kwa tope mpaka magotini. Mzee alikuwa kibarazani, mkono umefungwa, mkewe na nduguye wako kando. Nikaitupa tairi mbele yake, nikasema, "Mzee, gari lako halikuangushwa na aibu. Nimeliangusha mimi. Tia kidole hapa."

Nduguye akainuka na fimbo. Mzee akamzuia kwa jicho. Akatia kidole cha mkono mzima kwenye mchongo, taratibu, akaufuata wote mpaka mwisho. Akazigusa nyuzi. Kisha akazungumza, hakumwita Kemunto wala hakumtazama, alizungumza na mkewe kwa sauti ya kufika jikoni, kama desturi yao. "Mwambie mama ya mtoto, hii gari ilikatwa na kisu. Mwambie mimi ndiye nilimwita aingie, na hata kesho mvua ikinyesha nitamwita tena. Haendi mahali." Nduguye akataka kusema. Mzee akamwambia kitu kimoja kwa lugha yao, naye nduguye akakaa chini.

Kisha akanigeukia. "Umechonga ngapi?"

Nikamwambia sikumbuki, ni nyingi.

"Basi kumbuka," akasema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kazi sina tena. Sanduku langu nililikuta nje, kwenye tope, na nguo zimekanyagwa. Nimepata pa kulala kwa fundi cherehani mmoja, mtu mwema, nampigia pasi nguo za wateja. Kwa hiyo mwezi huu msingoje chochote kutoka kwangu, na Mama mtafutie la kumwambia. Lakini si hilo linalonikosesha usingizi.

Nilipokuwa naondoka bomani mwa mzee, Kemunto alitoka jikoni na bakuli la uji wa wimbi. Kwao mgeni haondoki mkavu, hata awe nani. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nilidhani, nisikufiche, nilidhani atanishukuru. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumjibu. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, amerudishiwa.

Akaniuliza, "Siku ile ya ajali, uliona hii tairi?"

"Niliiona."

"Ukajua?"

"Nilijua."

"Na ulikuja kuniuliza kama mtoto ameumia, ukiwa unajua?"

Nikamwambia hapana, wakati ule bado, nilijua baadaye kidogo. Akangoja nimalize. Aliniangalia mikono, si uso.

"Tangu tutoke hospitali walinichukulia mtoto, amelala kwa nyanya yake, analia, na mimi nasikia kutoka jikoni. Siku nane. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Alinyoosha mkono, akalichukua bakuli mikononi mwangu, sijaonja hata tone. Akawamwagia kuku. Kisha akalisuuza bakuli mara mbili, akaingia ndani.

Kwa hiyo usiniambie nirudi, ingawa najua utaniambia. Nazunguka masokoni nikitia kidole kwenye tairi za watu. Nimeshapata kumi na moja. Wengine wananisikiliza, wengine wananifukuza, na mmoja Ogembo alinipiga kofi nikaona nyota, nikamwambia asante, na tairi yake akaitoa.

Msalimie mjomba aliyenifundisha kushika spana, wala usimweleze nilivyoitumia. Msalimie shangazi wa Kibokoni, na mumeo, na wanao wote, na jirani yetu mshona kofia. Mama umbusu mkono.

Wino unakwisha, na mvua imeanza. Nakwenda Suneka. Kuna mtu huko anabeba watoto wa shule kwa lori, na tairi zake za mbele zote mbili ni zangu.

Nduguyo,
Mbarak