Pua ya Mashua ya Mama

Homa Bay, Alhamisi jioni, Machi 1997

Mvua imenyesha tangu mchana na bado inapiga mabati kama mtu aliye na kesi. Hata mimi nina kesi. Leo nimekasirika, nimekasirika kabisa, na yeyote atakayenigongea mlango kuniomba chumvi, Mungu amsaidie.

Niandike kwanza kazi yenyewe, ili nikiisoma hii nikiwa mzee nikumbuke kwa nini nilitaka kuvunja kioo cha kompyuta. Kikundi cha akina mama wanaouza omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay kimeahidiwa mashua ya faibaglasi na wafadhili. Mashua yenyewe bado haipo. Mimi ndiye ninayeichora kwenye kompyuta hapa ofisini, kisha mafundi wa Kisumu wakate mbao vilevile nilivyochora, watengeneze kalibu, na kwenye kalibu itoke mashua. Nikikosea mimi, mbao zimekosea, kalibu imekosea, na ziwa halina mchezo. Mwenyekiti wa kikundi hicho ni mama yangu mzazi.

Sasa hii programu. Ilaaniwe! Ukiiambia ichore sanduku, inakupa sanduku safi. Ukiitaka nyumba, nyumba hiyo. Lakini mashua imepinda kila mahali, na hii programu inataka kila uso uliopinda uwe na kingo nne, kama leso. Ubavu unakwenda vizuri mpaka ufike puani, ambapo kingo zinakutana zinabaki tatu. Hapo inashikwa na wazimu. Inaivuta ile leso, inaikunja, na chini ya pua, mahali maji yatapiga kwanza, inaacha kibonyo. Nikikitoa kibonyo, ubavu unafura kama shavu la mwenye jino bovu. Nikiukandamiza ubavu, kibonyo kinarudi. Na nikisogeza nukta moja tu, kompyuta inakaa ikifikiri mpaka chai inapoa, halafu stima inapotea.

Wiki nzima.

Dawa naijua. Niache kulazimisha leso moja. Pua niichore kwa vipande vidogo, nivishone pamoja mpaka maungio yasijulikane yako wapi. Hiyo inataka muda. Nilimwambia Bwana Okelo, mkubwa wangu wa kazi, akaniangalia kama nimeomba likizo ya uzazi.

"Akinyi, acha masomo mingi. Bonyeza ile kitu inaweka rangi, wageni waone mashua."

Rangi ndiyo uongo wenyewe. Ukibonyeza, programu inapaka mwanga na kivuli, na kibonyo chote kinajificha ndani. Mashua inang'aa kama viatu vya Sabato.

Leo wageni wamekuja. Nilidhani ni wafadhili peke yao. Kumbe Bwana Okelo alikuwa amewaita na akina mama, wakatoka Muhuru alfajiri, wakapitia Migori, wakafika na sare zao za kikundi na Mama akiwa mbele. Kwetu mashua ni mwanamke. Ina jina, na siku ya kuipokea inaimbiwa kama bibi arusi. Kwa hivyo hawa akina mama hawakuja kutazama mchoro. Walikuja kuposa. Walileta kuku na unga wa wimbi, wakaketi mbele ya kompyuta wamenyoosha migongo, vile mtu hukaa sebuleni kwa wakwe.

Bwana Okelo akatoa hotuba. "Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa!" Makofi. Vyaelea! Hii imeelea wapi? Kisha akabonyeza rangi mwenyewe, na mashua ikaanza kuzunguka kwenye kioo polepole, nzuri ajabu, na ndani yake kasoro tupu.

Mama akasimama. Akaweka kiganja juu ya kioo, mkono ule unaonuka omena hata ausugue na sabuni gani. Akasema kwa Dholuo, kisha akarudia kwa Kiswahili wageni wasikie: "Wayie. Tumemkubali. Ataitwa Abura, jina la mama yangu. Huyu ndiye atanibeba."

Vigelegele ofisi nzima.

Na mimi nimesimama pale kama mlingoti wa stima. Ningesema nini? Mbele ya wakwe huwezi kutangaza kwamba bibi arusi ana kasoro. Neno la kukubali likishatoka, anayefungua mdomo ndiye mbaya. Bwana Okelo anajua hayo yote, ni Mjaluo kama mimi, na ndiyo sababu aliwaita. Mama akanikumbatia, akaniambia, "Nyathina, mwanangu, umenitengenezea kitu." Nikatabasamu. Nikilikumbuka lile tabasamu nataka kujipiga kofi.

Walipoondoka nilimfuata Bwana Okelo na karatasi inayoonyesha pua kama imekatwa katikati, bila rangi. Nikamwekea kidole kwenye kibonyo. Nikamwambia mashua hii ikijaa magunia, pua itachimba wimbi badala ya kulipanda, na maji yataingia.

"Mafundi watapiga msasa," akasema.

Msasa! Msasa unapunguza, bwana, haujazi shimo! Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo nadhani hata soko lilisikia. Akakunja karatasi yangu, akanirudishia.

"Wameshasema wayie, Akinyi. Unataka kuvunja posa ya mama yako mwenyewe? Kesho asubuhi disketi iende Kisumu."

Nimeitukana programu wiki nzima, lakini kusema haki, ni jinga tu. Kibonyo ilinionyesha. Aliyekifunika ni mtu, na mtu mwingine akanyamaza, na huyo wa pili ndiye anaandika hapa.

Disketi haiendi Kisumu. Iko hapa nyumbani, ndani ya mkebe wa majani ya chai, na mchoro hauko mahali pengine popote. Kesho napanda gari la Migori, nifike Muhuru, nimwambie Mama mbele ya wenzake walisimamishe kwanza lile neno lao mpaka nimalize pua. Watanisema. Watasema mtoto aliyesomeshwa na omena amerudi kuaibisha jina la bibi yake. Bwana Okelo atapiga kelele, na nikirudi huenda nikute mtu mwingine kwenye kiti changu. Wacha akae. Ajaribu na yeye ile leso.

Mama yuko ufuoni tangu kabla sijazaliwa. Anajua upepo wa mvua na upepo wa bure, anajua omena ya jana hata umchanganyie na ya leo.

Hajui kuogelea.