Jina la Pangani Mwishoni mwa Shairi

Ixelles, Novemba 1997

Bi Veronica mpendwa,

Nakusikiliza redioni kila Alhamisi nikikunja nguo, leo na mimi yamenifika, naomba unisaidie kwa sababu arobaini ya mume wangu ni mwisho wa mwezi huu na sijui niwajibu nini watu wake.

Mimi ni mtu wa Pangani, nilikuja Brussels kuwapikia watu wa ubalozini, mkataba ulipokwisha nikapata kazi jikoni kwenye mkahawa hapa Ixelles, na ndiko nilikomkuta Ghulam Sakhi akiosha sahani, mkimbizi wa Afghanistan, kwao mshairi mwenye jina, hapa mtu wa masufuria. Kwao, kama kwetu, mshairi hujitaja mwishoni mwa shairi, na zamani alijiita Andarabi kwa ajili ya bonde alikozaliwa, lakini tulipooana akaanza kujiita Pangani, mji ambao hajauona hata siku moja, akasema, "Andarab imenitema, Pangani imenipa mke." Mwanzoni wenzake walidhani ni kijiji cha kwao. Walipojua ni wapi walicheka, halafu wakaacha kucheka.

Hakuandika hata mstari mmoja. Kaka yake mkubwa alikamatwa Kabul kwa karatasi yenye shairi na hakuonekana tena, basi yeye akawa anamfundisha binti yetu Zarghuna mashairi yake kwa mdomo kila Jumapili, mpaka mtoto akayabeba yote kichwani. Sasa saratani imemmaliza, amefia hospitali kule Jette, na shemeji yangu Habibullah amekuja kutoka Ujerumani, mimi niko edani, anasimama mlangoni anasema Zarghuna ayasome mashairi siku ya arobaini mbele ya Waafghani wote kule mtaa wa Forest, kisha yachapishwe, ila mwishoni jina liwe Andarabi. "Ndugu yangu hawezi kukumbukwa kwa mji wa watu weusi," alisema, mbele ya mwanangu mwenye nywele kama zangu. Nikikataa hawaji arobaini, na mtoto hatakuwa tena na mtu upande wa baba.

Jirani yangu Mkongo, Maman Kahambu, ananiambia, "Bon, maman, uwape tu. Muntu amekwisha kufa, jina itamusaidia nini?" Na linalonitisha zaidi ni kwamba tangu mazishi Zarghuna hataki kusema lugha ya baba yake. Jana nilimsikia bafuni akijaribu shairi moja, akakwama katikati, akaanza upya, akakwama palepale, kisha akafungulia maji. Nikingoja yanakufa, nikiwapa yanakuwa ya mtu mwingine. Nifanye nini?

Tafadhali jina langu usilitaje hewani.

Mjane, Ixelles

*

Mjane mwenzangu,

Pole sana. Nami nimekaa matanga katika nchi hii ya mvua, najua nyumba inavyokuwa baridi. Pole nimekupa, sasa nikuseme kidogo.

Wewe, mtoto wa mwambao, unaniuliza kama jina la mshairi linaweza kung'olewa? Kwenu anayelichukua shairi la mwenzake akaling'oa jina anaitwa nani? Mwizi. Na mwizi akiwa shemeji ni mwizi vilevile.

Maman Kahambu ana huruma, ila hapa amekosea. Marehemu jina halimsaidii, linamsaidia Zarghuna. Shairi linaloishia Pangani lina mama yake ndani. Mkimfanya aseme Andarabi, mmemfundisha kujifuta kwa mdomo wake mwenyewe. Na wewe umemwuliza? Barua nzima umeniambia anachotaka shemeji na anachosema jirani. Anachotaka mtoto sikukiona.

Tena marehemu naye alikosea, Mungu amrehemu. Alimtwika mtoto mzigo wa mtu mzima kwa kuogopa karatasi. Woga wake ulikuwa na sababu, lakini sasa umezikwa naye. Leo akitoka shule mpikie anachokipenda, umweleze kwamba unataka kuyaandika, si kwa ajili ya Habibullah. Akikubali, washa redio kaseti aseme, nawe uandike unavyosikia kwa herufi zetu, hata kama huelewi. Akikwama, piteni. Yapo yaliyokwisha kupotea, hayo usimdai. Baadaye tafuta mwanamke wa Kiafghani aliyesoma, wapo humu mjini, akunyooshee.

Shemeji mjibu kwa ufupi: mashairi yatakwenda na jina alilojipa marehemu, au hayaendi. Sitakudanganya kwamba atalainika. Wengi hawatakuja, Zarghuna ataona nafasi tupu, na hilo litamwuma miaka mingi. Utalia naye.

Arobaini ifanyike kwako, kwa mkeka na chai, na Kahambu awepo. Mtoto asipotaka kusoma, asilazimishwe.

Jina lako sikulitaja, kama ulivyoomba. Lakini siku hiyo hakuna kujificha. Zarghuna akisoma, akafika kwenye jina la mwishoni, usimwachie alibebe peke yake. Litamke wewe, kwa sauti, wasikie hata walio kwenye ngazi: Pangani. Ni kwenu.