Wimbo Wako ni Ule wa Chini

Mama Minza,

Umekufa. Ulikufa asubuhi, unapepeta mchele, chai yako bado ya moto. Ulisema, "Baba Minza, fukuza hao kuku." Nikageuka kuwafukuza. Kurudi, umelala juu ya ungo. Hospitali wakasema presha. Basi. Hakuna kingine.

Naandika mwenyewe. Minza alitaka aniandikie, nikamwambia mama yako ananijua, akiona mwandiko mzuri atasema huyu siye. Wewe vumilia tu.

Naandika kwa sababu ulisema ukirudi kutoka Kenya utanisimulia yote. Mimi kazi yangu ilikuwa ukifika ukute nimechemsha maji ya kuoga. Sasa wewe umekwenda kwingine na Kenya nimekwenda mimi. Kwa hiyo nasimulia mimi.

Lakini kwanza nikwambie nilikuwa na hasira. Tangu siku tunakuzika.

Unajua mimi kanisani sikuwa mtu wa kwenda. Jumapili nalala, au nakwenda Mwamapalala kuangalia ng'ombe wa kaka. Nyimbo zenu nilizijulia nyumbani. Wewe unakata viazi vya michembe ya kuanika, unaimba. Unaosha vyombo, unaimba. Wiki nzima wimbo mmoja, mpaka mimi kiwandani najikuta nasukuma robota la pamba nauimba huohuo. Wenzangu wananicheka, wanasema Baba Minza ana kwaya tumboni. Hasa ule unaosema jioni ikiingia. Huo naujua kama jina langu. Unakwenda sawasawa, haupandi, haushuki, kama barabara ya kwenda Lamadi. Nilikuuliza mara moja, kwa nini nyimbo zenu hazipandi? Ukacheka mpaka kisu kikakudondoka. Ukasema, "Zinapanda. Mimi ndiyo sipandi nazo."

Sikuelewa. Nikaacha.

Siku ya kukuzika kwaya ilikuja yote na sare. Mwalimu Maduhu akasimama mbele, akapunga mikono. Wakaimba. Mimi nimesimama pale na mchanga mkononi, nasikiliza, nangoja nyimbo zako. Hazikuja. Maneno yaleyale, jioni ikiingia, lakini wimbo mwingine. Unapanda huko juu, unazunguka, siujui. Wakaimba wa pili, siujui. Wa tatu, siujui. Nikasema moyoni, hawa watu wameimba na huyu mama miaka yote, leo wanamzika na nyimbo za watu wengine.

Baada ya matanga nikamwambia Maduhu usoni. "Mmemzika mke wangu kama mgeni." Akasema, "Mzee, tumeimba alizozipenda." Nikamwambia mwongo. Tangu hapo nikikutana naye sokoni napita upande wa mitumba.

Basi. Ikaja safari.

Wewe ulikuwa unaingojea kuliko sikukuu. Yule mtunzi wenu wa nyimbo, mzee wa Kenya, ninyi mnamwita Mtunzi tu kama vile duniani hakuna mwingine. Amezeeka sana, wakasema wamfanyie sherehe angali hai, kwaya zije kutoka huku na huku, na ule mchezo wake mkubwa uchezwe, ule wa kuimba mwanzo mpaka mwisho. Maduhu alisema unaitwa opera. Ng'washi rafiki yako, unamjua mdomo wake, akatangaza mtaa mzima kwamba kwaya inakwenda Kenya kwenye operesheni. Watu wakaanza kumletea pole. Mama mmoja wa Kiloleli akaleta kuku, amchemshie mgonjwa supu. Ng'washi akampokea. Akasema huwezi kukataa baraka.

Huyohuyo ndiye aliyekuja kwangu. Akasimama mlangoni, hakukaa. "Shemeji, kiti cha mwenzako hakiendi kitupu." Nikamwambia mimi siimbi. "Nani kakwambia uimbe? Utakaa. Kukaa unajua." Nikamwambia mimi na Maduhu hatusalimiani. "Basi ukae nyuma, yeye akae mbele."

Nilikataa. Usiku sikulala vizuri. Nikakumbuka ulivyosema utanisimulia. Nikaona nisipokwenda, itakuwa ile safari imekufa na wewe, na hakuna atakayejua ilikuwaje. Asubuhi nikaenda kuomba ruhusa kwa nyapara. Akaniuliza, unakwenda Kenya kufanya nini? Nikasema kusikiliza. Akasema kwa umri wake wote hajawahi kusikia kibarua anaomba ruhusa ya kusikiliza. Lakini akanipa.

Tukaondoka alfajiri. Nilikaa dirishani, kiti chako, na Ng'washi pembeni. Lamadi gari likasimama, nikashuka kununua sato wa kukaanga kama unavyonunua wewe. Nikajikuta namwambia muuzaji, kile kipande cha mkia, mke wangu anapenda mkia. Akanifungia. Nikala mwenyewe. Mkia una mifupa, Mama Minza. Sijui ulikuwa unapenda nini pale, au ulikuwa unaniachia mimi nyama.

Sirari, mpakani, tukapanga foleni na karatasi zetu. Askari wa Kenya akauliza, ninyi nyote ni waimbaji? Ng'washi akasema, "Wote, isipokuwa huyu. Huyu ni mjane." Askari akagonga muhuri, akasema pole mzee. Kenya ni kama huku. Mahindi, ng'ombe, watoto barabarani. Ugali wao mgumu, ungeupenda. Chai wanaweka maziwa mengi. Kiswahili chao wanakirusharusha lakini unaelewa.

Tulifika Kisumu jioni, tukalala kwa wenyeji wetu, kesho yake ndiyo sherehe.

Ukumbi mkubwa, unaweza kuingiza kiwanda chetu na pamba yake. Watu wamejaa. Kuna wa Uganda, kuna wa Kenya wenyewe, kuna Wazungu wachache, na sisi wa Bariadi na vitenge vyetu. Mtunzi amewekwa mbele kwenye kiti cha magurudumu na blanketi magotini. Mdogo, Mama Minza. Nilidhani ni mtu mkubwa. Mdogo kama mzee yeyote.

Mchezo wenyewe nikusimulie. Kuna mfalme ana binti. Binti anampenda mfua vyuma. Mfalme hataki. Hapo ndipo palipo na shida yote. Ila hakuna anayesema. Wanaimba. Mtu anamwambia mwenzake fungua mlango, anaimba. Wanatukanana, wanaimba. Mfalme anaita maji ya kunywa, ameyaimbia mpaka nikaona atakufa na kiu. Mwanzo nilicheka, Ng'washi akanifinya.

Mwisho binti anakunywa sumu. Nikajua sasa yamekwisha. Anaimba. Anapiga magoti, anaimba. Analala chini kabisa, bado anaimba, tena kwa nguvu kuliko alivyokuwa mzima. Nikamnong'oneza Ng'washi, "Huyu hafi?" Akasema, "Nyamaza shemeji, bado ubeti."

Mimi pale nikapandwa na hasira. Nilitaka kutoka. Kwa sababu wewe hukupewa hata ubeti. Wewe umesema fukuza hao kuku. Hukuaga. Mimi sikukujibu, nilikuwa nimegeuka. Na huyu binti wa uongo anaagana na baba, na mpenzi, na mlima, na mto, na kila mtu anasimama kungoja amalize.

Sikutoka kwa sababu watu walijaa njiani. Nikakaa. Nikamwangalia yule Mtunzi. Amesinzia! Kidevu kifuani, kwenye mchezo wake mwenyewe. Nikampenda kuanzia hapo. Nikafikiri, labda naye alifiwa. Labda mtu wake aliondoka hivihivi, katikati ya kazi, na neno la kuku. Akaona haiwezekani, akakaa akamrefushia kuaga kwake. Sijui. Mimi si mtu wa kujua hayo. Lakini hasira ilipungua.

Sasa sikiliza, hapa ndipo ninapotaka ufike.

Mchezo ulipokwisha, msimamizi akasema sasa ukumbi wote utamwimbia Mtunzi wimbo wake, jioni ikiingia. Watu wajipange kwa sauti. Ya kwanza huku, ya pili huku, wanaume kule. Nikainuka nitoke nje, mimi si wa popote. Ng'washi akanikamata shati. "Kaa hapa kwenye kiti chako." Kijana wa mlangoni akaja, "Mzee, wanaume wako ile side." Ng'washi akamwambia, "Huyu ni sauti ya pili. Muache." Yule kijana akanitazama ndevu, akaenda zake.

Nikawa katikati ya wanawake wa sauti ya pili, wa nchi zote, wamenizunguka kama kuku na vifaranga.

Wakaanza. Na Mama Minza, ikaja sauti yako.

Ileile. Haipandi, haishuki. Kushoto kwangu, kulia kwangu, mgongoni kwangu. Ile ya viazi. Ile ya kiwandani. Na kule ng'ambo ya ukumbi wengine wanaimba ile ya juu, ile ya mazishi, ile niliyosema ya watu wengine. Maneno mamoja, wakati mmoja. Hazigombani. Ile ya juu inapanda, na hii yako inaishikilia kwa chini isianguke, kama mtu anamshikia mwenzake ngazi.

Mimi miaka yote nilikuwa namjua anayeshika ngazi, aliyepanda sikumjua.

Mdomo ukafunguka wenyewe. Niliimba, kwa sauti yangu hii ya kupigia watu kelele kiwandani. Mama mmoja wa Uganda akageuka kuniangalia, akacheka, halafu akaona nalia, akaacha kucheka, akanisogelea. Niliimba mpaka mwisho. Maneno yote ninayo. Wewe ndiye ulinifundisha na hukujua.

Nje nikamuuliza Ng'washi. Kwa nini kwenye mazishi hamkuiimba hii? Akakaa kwenye ngazi za ukumbi. Akasema, "Shemeji, sauti ya pili alikuwa yeye. Sisi wengine tulikuwa tunamfuata. Siku ile tulifungua mdomo, kikatoka kilio. Waliimba wa sauti ya kwanza na wanaume tu."

Kwa hiyo Maduhu hakudanganya. Nyimbo zilikuwa zako. Na mimi pia sikudanganya. Wewe hukuwemo.

Nilimfuata Maduhu kwenye gari. Nikamwambia, "Mwalimu, mwangaluka." Ilikuwa mchana, hiyo ni salamu ya asubuhi. Ndiyo iliyokuja. Akaitikia hivyohivyo ya asubuhi. Nikamweleza. Akavua miwani akaifuta, ikamchukua muda. Akasema na yeye siku ile aliona kwaya inayumba, akadhani ni mikono yake. Tulirudi tumekaa kiti kimoja mpaka Bunda. Anakoroma.

Jumamosi Ng'washi alikuja na wanawake wa sauti ya pili, wale wenzako. Hakuniuliza. Walipita nyumbani, wakanichukua, tukaja hapo kwako, kaburini. Minza alikuja na mtoto mgongoni. Maduhu alikuja pia, lakini akakaa pembeni na mikono mfukoni, akasema leo hakuna wa kupungiwa.

Wakaimba jioni ikiingia. Ya pili peke yake. Hakuna ya juu, hakuna wanaume, ila mimi. Wachungaji wa ng'ombe waliokuwa wanapita walisimama, wakatushangaa. Mmoja akauliza, mbona wimbo wenyewe hauendi? Ng'washi akamjibu, "Huu ndiyo unakwenda. Wewe ndiyo umesimama." Minza alicheka kama wewe. Hivyohivyo, mpaka akashika tumbo.

Sasa umezikwa, Mama Minza. Naona ndiyo sasa.

Sare yako ipo kwenye sanduku. Ng'washi ameanza kumwita Minza mazoezini. Anasema sauti ipo, ila anakimbilia juu. Nimemwambia sare aichukue akishajua kukaa chini. Nadhani ndivyo ungesema.

Mimi kwenye kwaya siingii. Usifurahi bure. Lakini Jumapili nitakuja kanisani, nikae nyuma, upande wenu wa pili. Na michembe mwaka huu nitakata mwenyewe, nitaimba hiyo yako nikikata, mtoto wa Minza aisikie kabla hajasikia ile ya juu. Hilo nakuahidi.

Na lile neno lako la mwisho sikulijibu. Najibu. Nimewafukuza. Kila asubuhi nawafukuza, wanarudi, nawafukuza.

Wabeja, Mama Minza, asante. Kwa mchele, kwa mkia wa samaki, kwa yote. Lala. Maji niliyachemsha siku tuliyorudi, nikaoga mimi.

Kesho narudi kazini.

Baba Minza