Ukuta wa Mjerumani na Jogoo wa Dada

Jumapili, Kizwite. Mvua haijakata tangu jana, na mimi nimejikasirikia mpaka ugali haupiti.

Jana nilimpeleka Faustina, binti wa dada yangu, kwenye magofu ya ngome ya Wajerumani, kule ukingoni ambako mlima unaanza kushuka kwenda Kaoze. Anafundisha historia. Nikamwambia historia yenyewe ni mimi: babu yangu aliubeba mzinga wa vita begani peke yake, huku anavuta kiko.

Hatukumuaga mtu. Kule simu haishiki. Makoti ya mvua nilisema ni ya watu wa Dar.

Saa nane wingu likaja jeusi. "Mjomba, turudi."

Nikacheka. "Sisi ni wa Sumbawanga, mama. Radi ikiniona inaniamkia shikamoo."

Ndiyo maneno ninayowatishia wageni pale stendi miaka yote. Kumbe nimeanza kuyaamini mwenyewe.

Tukajibanza chini ya ukuta mrefu. Msukuma mmoja mchunga ng'ombe, amechuchumaa kwenye kibonde, akapiga kelele: "Tokeni ukutani! Mawe hayo yamelewa maji!"

"Chunga ng'ombe wako! Mimi Mfipa!"

"Radi haiulizi kabila, mzee!"

Faustina akanitazama, akatoka mbio kwenye mvua. Nikamfuata namgombeza, eti hana adabu kwa mjomba wake.

Ukuta ukaanguka nyuma yangu. Chupa ya chai aliyoiacha Faustina pale alipokuwa amekaa hatukuiona tena.

Angenitii, leo tungekuwa msibani.

Na si hilo tu linaloniuma. Tulipofika nyumbani kwa dada, tumelowa chapachapa, mdomo wangu ukatangulia: nilimshika mkono, nikamvuta, nikamtoa! Faustina alikuwa anakamua gauni lake. Alinitazama tu.

Leo baada ya misa dada kaniletea jogoo wa shukrani. "Kaka, bila wewe..." Halafu akasema Pasaka niwapeleke kule ngomeni na wadogo zake Faustina, maana wakiwa na mimi yeye analala usingizi.

Usingizi! Kwa mtu asiyejua hata kukimbia ukuta!

Jogoo kafungwa mguu hapa mlangoni, anawika hovyo. Kesho namrudisha mzima, na nitasema mbele ya Faustina nani alimfuata nani.

Mdomo huu utakubali?