Unga Mwekundu wa Baba

Kagarama, Kigali
12 Novemba

Dada yangu Mukunde,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Mutoni. Natumaini mguu wako umepona na huko Karagwe mvua zimewafikia. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Baba, na ni kwa ajili yake nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami nisingemaliza.

Baba amelazwa Ndera, hospitali ya magonjwa ya akili, tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Mikono ilikuwa ikimtetemeka hadi akashindwa kufunga vifungo vya shati, na alimtukana jirani yetu Athanasie, akidai anachungulia ukutani amwibie siri. Athanasie, unavyomjua, alimjibu kwamba siri pekee ya mzee ni moshi unaonuka. Tulidhani ni msiba wa Mama umemlemea. Daktari alipima damu, akakuta zebaki, ile metali ya majimaji iliyokuwa ikitiwa kwenye vipima joto vya zamani.

Nilifungua stoo yake nyuma ya nyumba. Ndani mlikuwa na jiko la mkaa, vyungu vitatu, chupa ya unga mwekundu, na vipima presha vya zamani vya zebaki vilivyovunjwa, alivyonunua kwa muuza vyuma chakavu wa Gitega. Ukutani alikuwa amebandika makala yangu ya gazetini ya Februari, imejaa mistari ya kalamu. Unajua yeye hukata na kutunza kila ninachoandika, na huwatambia wenzake wa kanisani kwamba mwanawe hajawahi kusahihishwa.

Makala ilihusu alkemia. Niliandika kwamba kwa zaidi ya miaka elfu moja, Misri, Uchina, Baghdad na Ulaya, watu wenye akili timamu walichemsha metali wakitafuta mambo mawili: kugeuza risasi kuwa dhahabu, na kupata dawa ya kuponya kila ugonjwa, unga mwekundu uliopikwa kwa zebaki na salfa. Nilieleza pia kwamba baadhi ya vyombo vya maabara za leo vilitokana na kazi yao. Baba hakupigia mstari dhahabu hata mara moja. Alipigia mstari dawa, zebaki, salfa, na rangi nyekundu.

Nilipomuuliza, alieleza bila kuficha. Alisema figo za Mama zilikuwa zinakwisha, ile mashine ya kusafisha damu ilikuwa inamchosha, na yeye, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, hakuweza kukaa tu akitazama. Kuanzia Mei alimtilia ncha ya kijiko cha unga huo kwenye uji kila asubuhi. Mama alimtania kwamba imechukua miaka arobaini ya ndoa mpaka ajue jikoni kuna nini. Wiki tisa baadaye tulimzika. Baba anaamini kosa lake ni kuchelewa kuanza.

Daktari hasemi kwamba unga ndio uliomuua Mama. Anasema figo zile zisingeuhimili. Nakuandikia kama alivyosema.

Sasa nije kwangu. Rasimu ya makala ile ilikuwa na aya kuhusu wafalme wa Uchina waliokufa kwa kunywa dawa hiyohiyo, na mafundi waliorukwa na akili kwa moshi wake. Mhariri hakuigusa. Niliiondoa mimi mwenyewe, kwa sababu niliona inapoza mwisho. Ilikuwa na mistari sita.

Jana nilimwambia Baba kwamba zebaki ni sumu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mbona sikuandika. Nikamjibu kwamba niliandika, kisha nikafuta. Aliniomba nirudie, nikarudia. Akauliza kama Mama naye alikula sumu. Nikasema ndiyo. Tangu hapo hataki kula. Wauguzi wamejaribu, Mutoni amejaribu. Mimi nikiingia, anageukia ukuta.

Njoo, Dada. Huenda akapokea kijiko kutoka mkononi mwako.

Wasalimie shemeji na watoto. Barua hii usiwasomee.

Ni mimi mdogo wako,
Rwema